Ala ya Betri

Kijana aliiuza Kiboriloni,
kati ya mabegi ya mitumba na sufuria zisizo na mifuniko:
ala nyembamba ya chuma, nyepesi kama ganda la karanga.
Unaivika betri iliyokwisha, inafufuka.
"Mara nane, dada. Jiwe moja hadi mtoto amalize shule."
Alitaka elfu nne. Nikampa elfu mbili na mia tano.
"Chukua tu," akasema, "naona umeamka vibaya."

Mimi ni fundi. Meza yangu iko Majengo, barazani pa duka la mbolea.
Nimefungua redio za watu
hadi najua nani hula ugali akisikiliza taarifa ya habari.
Sikununua kwa kuamini.
Nilinunua kwa ajili ya shangazi Ndeshukurwa wa Kibosho,
ambaye hatupi mawe.
Huyaanika juu ya bati la banda la mbuzi, pamoja na maharage,
huyang'ata, huyagonganisha,
yakishindwa tochi huyapeleka redioni,
yakishindwa redio huyapeleka kwenye saa ya ukutani,
na saa huyamung'unya taratibu
kama kibogoyo na mfupa.

Nikafungua daftari. Nikatoa mita.
Jiwe lililochoka lilisoma moja nukta moja.
Nikalivika ala: moja nukta tano,
kama limetoka dukani sasa hivi.
Moyo uliruka, siwezi kukana.
Lakini namba ile ni salamu tu.
Hata mgonjwa aliyelazwa, ukimwuliza hujambo,
hujibu sijambo.

Kigari cha Elinami, mtoto wa jirani,
kilichokuwa kimegoma tangu Pasaka,
kilizunguka meza mchana kutwa kikigonga miguu ya wateja.
Hapo ala haikudanganya, nimeandika.
Redio: jioni mbili za ziada, ya pili ikikwaruza.
Saa ya ukutani, bila ala: wiki tatu na siku moja.
Na ala: siku tisa.
Nikarudia, nikidhani nimekosea.
Siku nane.
Kwa maana ala nayo ina tumbo,
nayo inakula, usiku kucha,
hata pale saa haijaomba kitu.
Haitii maji mtungini. Inauinamisha mtungi,
na kwa kazi hiyo inajimiminia kikombe chake.

Mara nane sikuiona popote.

Ningeishia hapo, ila shangazi alikuwa ameshaichukua ala
akaitia kwenye tochi.
Juma zima aliisifu kanisani.
Mwanga mweupe, alisema, mweupe kama meno ya Elinami.

Tochi yake ya siku zote ilikuwa na desturi:
kwanza rangi ya ndizi mbivu,
kisha rangi ya chai,
kisha kaa la moto linalofifia.
Ikifika kwenye chai alijua
anao muda wa kufunga mbuzi na kurudi ndani.
Hii haikupita kwenye ndizi wala chai.
Ilikuwa nyeupe, nyeupe, nyeupe,
halafu, pale njia inapokata mfongo chini ya migomba,
giza.

Maji hadi magotini. Ndala moja ilikwenda na mfereji.

Alishuka mjini Jumatatu, ala ameifunga kwenye leso.
"Shika jini lako," akaniambia.
"Tochi yangu ilikuwa inaniaga.
Hii inasema sijambo, sijambo, sijambo,
mara wanakuletea msiba."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwonyesha daftari,
mistari, tarehe, siku tisa, siku nane.
Akaitazama kama mtu anavyotazama
picha ya harusi asiyoalikwa.
Kisha akaniomba yale mawe niliyopimia, yote kumi na moja.

"Shangazi, haya yamekaushwa. Hayana kitu ndani."

Akaanza kuyahesabu, moja moja, akiyafunga kwenye ile leso.
"Jua litajua," akasema.